Inaingia, lakini siyo yake
Somo juu ya moduli ya moto katika motere ndogo za kukata majani



Wale wanaotengeneza gazeti letu wameniomba niandike somo juu ya kitu nilichojifunza vizuri mwaka huu. Nimechagua hiki, hata kama kinanipa haya kidogo: je, moduli inayowasha moto katika motere moja ndogo inaweza kutumika katika motere ingine? Wengi mnajua kwa nini mimi ndiye ninayeandika. Wale wa interna mnajua zaidi, maana feza zilikuwa zenu.

I. HABARI ILIVYOKUWA

Mwezi wa tatu mvua ilikuwa bado nyingi. Majani ya kiwanja cha mpira na ya nyuma ya interna yalipanda mpaka magoti. Usiku mmoja mtoto wa mwaka wa kwanza alikutana na nyoka katika njia ya choo. Hakuumwa, lakini kutoka siku ile wadogo waliogopa kutoka usiku. Kwa hiyo tuliamua kutoa tondezi, ile mashini ya kukata majani inayokaa katika depo, na kukata pahali pote.

Tulikata nusu ya kiwanja. Kisha kisu kikapiga kisiki cha mwembe kilichojificha ndani ya majani. Motere ikanyamaza mara moja. Tulipovuta kamba tena, motere iliirudisha kwa nguvu, karibu ivunje vidole vya rafiki yangu, na ikapiga "pah!" kwa upande wa karbirateri. Nikasema mbele ya watu wote, kwa sauti ya mtu anayejua: "Moduli imekufa." Hakuna aliyeniuliza nimejua namna gani. Mimi ni kapita.

Wanafunzi 90 wa interna walitoa kila mmoja franka 500. Hiyo ni franka 45 000. Nikaenda mjini. Moduli ya zamani sikuibeba, niliiacha ndani ya kisanduku cha visi. Nilimwambia muuzaji: "Baba, nipe moduli ya motere ndogo ya kukata majani." Akanipa moja, mpya, ndani ya karatasi yake, kwa franka 38 000. Zilizobaki zililipa safari. Yule baba hakunidanganya: alinipa kile nilichoomba.

Tulipofika kuifunga, matundu ya visi hayakulingana. Yalipishana karibu milimita 5. Mmoja wa wadogo akasema: "Yaya, tupige lima." Tukapiga lima nusu saa, mpaka visi vyote viwili vikaingia. "Inaingia!" Tukapiga makofi. Tukavuta kamba. Tukasikia chuma kikikwaruza chuma. Tukavuta tena, na mara ya tatu moduli ikapasuka. Muuzaji alikataa kuipokea, na alikuwa na haki. Nani atanunua kitu kilichokwisha kuliwa na lima?

Juma lililofuata Baba Fundi, anayetunza depo yetu, alirudi kutoka safari yake. Hakunigombeza. Aliuliza neno moja tu: "Mwanangu, ile ya zamani iko wapi?" Aliifunga tena mahali pake, akatoa buji, akavuta kamba. Cheche ya bluu ikaruka. Akavuta tena, ikaruka tena. Moduli ya zamani ilikuwa nzima! Kisha akatoa volani, akanionyesha kipande kidogo cha madini kilichokatika nusu. Kinaitwa klaveti. Kipya kilinunuliwa kwa franka 2 000. Jioni ile motere iliwaka kwa mvuto wa pili.

Basi, franka 45 000 zilipotea juu ya makosa mawili yangu. Kwanza, sikupima kabla ya kuhukumu. Pili, sikulinganisha kabla ya kununua. Somo hili linafuata makosa hayo mawili.

II. MODULI NI NINI, NA INAFANYA KAZI NAMNA GANI

Motere ndogo ya kukata majani haina batri ya kutoa cheche. Inatengeneza umeme wake yenyewe. Wale wa Fizika mnakumbuka somo la Faraday: mwaka 1831 alionyesha kwamba sumaku ikipita karibu na waya uliozungushwa, umeme unazaliwa ndani ya waya ule. Mwaka 1902, katika kiwanda cha Robert Bosch kule Ujerumani, injinia Gottlob Honold alitengeneza manyeto yenye umeme wa nguvu nyingi, inayoweza kurusha cheche katika buji. Motere zetu ndogo zinafuata njia ile ile mpaka leo.

Vipande vyake ni hivi:

1. Volani. Ni gurudumu zito lililo juu ya motere, chini ya kifuniko cha kamba. Pembeni yake kuko sumaku.

2. Moduli, au bobini. Ina chuma cha sahani nyembamba zilizopangwa pamoja, chenye miguu miwili au mitatu inayoelekea volani. Ndani yake kuko waya wa kwanza, mnene, wenye mizunguko kidogo, na waya wa pili, mwembamba sana, wenye mizunguko maelfu. Kuko vilevile kifaa kidogo cha elektroniki kinachofungua na kufunga njia ya umeme.

3. Waya mnene unaokwenda kwa buji, na waya mwembamba wa kuzimisha motere.

4. Klaveti. Ni kipande kidogo kinachokaa katikati ya volani na vilbreke (ule mhimili unaozungushwa na pistoni), kusudi volani isiteleze.

Sumaku inapopita mbele ya miguu ya moduli, umeme unazaliwa katika waya wa kwanza. Wakati unaofaa, kile kifaa cha elektroniki kinakata njia kwa ghafula. Hapo nguvu ya sumaku iliyo katika chuma inaanguka mara moja, na katika waya wa pili unazaliwa umeme wa volti zaidi ya 10 000. Umeme huu unaruka katika nafasi ya buji. Hiyo ndiyo cheche. Inatoka mara moja kwa kila mzunguko wa volani. Motere ya mipigo minne inahitaji cheche moja kwa mizunguko miwili. Ile ya pili inatoka wakati moshi unapotolewa, haifanyi kazi, wala haileti hasara.

Zamani kazi ya kukata njia ilifanywa na platini pamoja na kondansateri, chini ya volani. Platini inachafuka na mafuta, inaliwa polepole, na nafasi yake inabadilika. Kampuni ya Briggs & Stratton, iliyoanzishwa mwaka 1908 kule Milwaukee, Marekani, ilianza mwaka 1982 kutumia moduli ya elektroniki inayoitwa Magnetron. Toka wakati ule platini zilianza kuondoka katika motere zake ndogo.

Sasa shikeni neno hili, maana ndilo moyo wa somo. Cheche inapaswa kutoka kidogo mbele pistoni haijafika juu. Ikichelewa, motere inakosa nguvu au inakataa kuwaka. Ikiwahi mno, motere inapiga nyuma na kuvuta kamba mkononi mwako. Je, nani anayeipa moduli saa? Haina saa ndani yake. Saa yake inatoka katika vitu vitatu: mahali sumaku ilipo katika volani, klaveti inayoshika volani juu ya vilbreke, na mahali moduli ilipofungwa juu ya motere. Ukibadilisha kimoja cha hivyo vitatu, umebadilisha saa.

Kwa hiyo moduli haiko sawa na ampule ya taa, unayoweza kuitoa katika chumba hiki na kuiweka katika chumba kile. Inafanana zaidi na ufunguo na kufuli yake.

III. KWANZA JIULIZE: NI MODULI KWELI?

Fuata mpango huu, usiruke hata hatua moja.

1. Ondoa waya wa buji kabla ya kuweka mkono chini ya mashini. Ukizungusha kisu kwa mkono, unazungusha motere vilevile, na motere inaweza kuwaka. Vidole havina duka.

2. Tazama buji. Ikiwa nyeusi na yenye mafuta, isafishe au weka ingine. Pima nafasi yake. Kwa motere ndogo za Briggs & Stratton ni milimita 0,76.

3. Tenga ule waya mwembamba wa kuzimisha. Motere inazimika wakati waya huu unapogusa chuma cha motere, yaani masi. Kama ngozi yake imetoboka mahali fulani na inagusa chuma siku zote, ni kama motere imezimishwa siku zote. Watu wengi wanatupa moduli nzima juu ya waya uliotoboka.

4. Sasa pima cheche. Toa buji, ifunge katika kofia ya waya wake, na chuma cha buji kiguse chuma cha motere, mbali na tundu la silinda, kwa sababu mvuke wa esansi unaweza kushika moto. Simama kivulini kusudi uone vizuri. Mwenzako avute kamba kwa nguvu. Cheche ya bluu ikiruka kila mara, moduli iko nzima.

5. Ikiwa cheche iko, na motere inarudisha kamba au kupiga "pah" kwa karbirateri, zaidi sana kama kisu kilipiga jiwe au kisiki, toa volani na utazame klaveti. Imetengenezwa kwa madini laini. Volani ikiteleza, klaveti inakatika au kupinda, na hata kuhama kidogo kunatosha kuharibu saa ya cheche. Wengine wanaweka kipande cha msumari mahali pake. Msifanye hivyo. Wekeni klaveti ya madini yale yale, na mkaze bulo ya volani vizuri.

6. Ikiwa cheche haiko, hata baada ya kutenga waya wa kuzimisha na kuweka buji nzuri, tazama kutu katika sumaku na katika miguu ya moduli. Safisha kwa karatasi ya msasa, pima nafasi (tazama sehemu ya VI), jaribu tena. Cheche ikikosa tena, sasa unaweza kusema: moduli imekufa.

Mimi nilianza na neno la mwisho. Kama ningefika hatua ya 4 tu, feza zenu zingelala salama katika sanduku.

IV. MAMBO MATANO YA KULINGANISHA

Tuseme moduli imekufa kweli. Mtu anakuletea ingine, kutoka motere ya rafiki au kutoka soko. Utajuaje kama itafaa? Weka zote mbili mezani na ulinganishe.

Jambo la 1: matundu ya visi. Pima kutoka katikati ya tundu moja mpaka katikati ya lile lingine. Angalia pia unene wa visi. Briggs & Stratton ilijenga motere zake kwa vipimo vya inchi, Honda kwa vipimo vya milimita. Ikiwa matundu hayalingani, acha hapo. Lima ikianza kazi, akili imelala. Ukisogeza moduli kwa lima, umesogeza mahali pake, na umeshaona kwamba mahali pake ni sehemu ya saa.

Jambo la 2: miguu na mviringo. Hesabu miguu: miwili au mitatu. Tazama ncha zake. Zimekatwa kwa mviringo unaofuata ukubwa wa volani yake. Ncha za volani kubwa haziwezi kukaa sawa mbele ya volani ndogo: katikati itakuwa mbali na pembeni itagusa, au kinyume chake.

Jambo la 3: sumaku. Kila sumaku ina upande wa kaskazini na upande wa kusini. Platini haijali ni upande gani unaopita kwanza, lakini kifaa cha elektroniki kinajali, kwa sababu kinangojea umeme unaokwenda upande mmoja. Kwa hiyo moduli inaweza kuingia vizuri, na cheche isionekane hata moja. Kuko vimoduli vidogo vyenye waya mbili, vinavyouzwa kwa kuchukua nafasi ya platini tu, huku bobini ya zamani inabaki. Hivyo vikikataa, badilisha waya mbili zile, hii mahali pa ile, na ujaribu tena.

Jambo la 4: saa ya cheche. Hii haionekani kwa macho. Hata moduli yenye matundu sawa na miguu sawa inaweza kuwa imetengenezwa kutoa cheche mbele au nyuma zaidi. Ndiyo sababu namba za motere zina maana kuliko sura ya kipande. Tutazisoma katika sehemu ifuatayo.

Jambo la 5: waya. Waya wa buji ufike mpaka buji bila kuvutwa na bila kugusa sehemu yenye moto mwingi. Waya wa kuzimisha uwe na mahali pa kufungwa. Na sikieni vizuri: mahali pa waya wa kuzimisha hapapokei umeme wa batri. Mtu akifunga batri ya volti 12 pale, anaua moduli papo hapo. Waya ule kazi yake ni kugusa masi tu.

V. KUSOMA NAMBA ZA MOTERE

Motere inasema yenyewe ni ya nani na ya lini. Katika Briggs & Stratton, tafuta namba zilizopigwa katika bati la kifuniko. Ziko tatu: modeli, aina, na kodi. Safisha kwa kitambaa chenye esansi kidogo, motere ikiwa baridi.

Tuchukue modeli 92908. Tarakimu ya kwanza, 9, ni ukubwa wa silinda kwa inchi za mchemraba. Inchi moja ya mchemraba ni karibu sentimita za mchemraba 16,4; kwa hiyo hii ni motere ya karibu 148. Tarakimu ya pili, 2, inaonyesha muundo wa motere. Ya tatu, 9, inaonyesha kwamba vilbreke inasimama wima, kama inavyofaa kisu cha kukata majani; kutoka 0 mpaka 4 ni ya kulala, kutoka 5 mpaka 9 ni ya kusimama. Mbili za mwisho zinaonyesha mambo ya bereng na namna ya kuwasha.

Sasa kodi. Tuseme inaanza na 840521. Mbili za kwanza ni mwaka 1984, mbili zinazofuata ni mwezi wa 5, na mbili zingine ni tarehe 21. Mara moja unajua kwamba motere hii ilizaliwa baada ya 1982. Kodi ikianza na 79, ujue utakuta platini chini ya volani, isipokuwa kama fundi amekwisha kubadilisha.

Katika Honda, jina la familia limeandikwa katika chuma cha motere chenyewe, kwa mfano GX160.

Andika namba hizi zote katika daftari kabla ya kwenda mjini. Jueni pia kwamba watengenezaji wanabadilisha namba za vipande kwa miaka, na namba moja mpya inaweza kuchukua nafasi ya namba mbili au tatu za zamani. Kwa hiyo namba ya kipande ikiwa tofauti, usikatae mara moja. Uliza orodha ya mtengenezaji inasema nini juu ya modeli yako.

Mfano wa kwanza: ndugu wawili wa familia moja. Katika depo yetu kuko Briggs & Stratton mbili. Moja ina platini, kodi yake inaanza na 79. Ya pili ina Magnetron, kodi yake inaanza na 84. Zote mbili ni za ukubwa mmoja, na bobini zao zina miguu miwili. Matundu yao yanalingana. Hapa kubadilisha kunawezekana. Moduli ya Magnetron inafungwa mahali pa bobini ya zamani, na platini haifanyi kazi tena. Waya wake unatengwa kusudi usiguse masi. Mara nyingi volani ya zamani inakubali. Lakini pima cheche kabla ya kufunga kila kitu, juu ya lile Jambo la 3.

Mfano wa pili: Honda na wafuasi wake. Motere GX120, GX160 na GX200 zinatumia bobini ya familia moja. Na motere nyingi zilizotengenezwa China kwa kufuata GX160, zile tunazoziona kila siku katika pompi za maji na jenereta ndogo, zinapokea bobini ile ile. Hapa kubadilishana ni rahisi, hata hivyo pima matundu kwanza. Lakini GX390 ni kubwa kuliko hizo, volani yake ni kubwa, na bobini yake ni ingine. Jina "GX" peke yake halitoshi.

Mfano wa tatu: wageni wawili. Bobini ya GX160 na motere ya Briggs & Stratton. Matundu mbali, mviringo mbali, saa mbali. Huo ndio mfano wangu mimi, na ndio uliokula franka 38 000.

VI. KUIFUNGA VIZURI

Hata moduli ya kweli itakufa au itakataa, ikiwa nafasi kati yake na volani siyo sawa. Ikigusa, inakwaruzwa. Ikiwa mbali mno, sumaku haifikishi nguvu yake.

Vipimo ni hivi. Kwa Briggs & Stratton za modeli 80000 mpaka 92000, zenye miguu miwili: kutoka milimita 0,15 mpaka 0,25. Kwa modeli 100000 na 130000, miguu miwili: kutoka 0,25 mpaka 0,36. Kwa Honda GX160: kutoka 0,2 mpaka 0,6.

Fundi ana vijikale vya chuma vya kupimia. Sisi tusio navyo tunaweza kutumia karatasi. Karatasi moja ya fotokopi ina unene wa karibu milimita 0,1. Kwa hiyo karatasi mbili zinafaa kwa tondezi yetu, na tatu zinafaa kwa zile kubwa zaidi. Fanya hivi:

a) Zungusha volani mpaka sumaku iwe mbali na mahali pa moduli.
b) Weka moduli, ingiza visi, lakini usivikaze. Isukume nyuma, mbali na volani, na ukaze kisi kimoja kidogo kusudi ibaki pale.
c) Zungusha volani mpaka sumaku ifike mbele ya miguu.
d) Ingiza karatasi mbili katikati.
e) Legeza kisi. Sumaku itavuta moduli yenyewe mpaka ishike karatasi. Kaza visi vyote viwili.
f) Zungusha volani kwa mkono, na karatasi itatoka. Zungusha tena mara mbili. Usisikie kukwaruza hata kidogo.
g) Pima cheche. Kisha tu funga kifuniko na urudishe waya wa kuzimisha. Motere ikiwaka, jaribu kuizimisha. Motere isiyozimika ni hatari sawa na ile inayokata vidole.

Sisi siku ile hatukuacha nafasi. Kwa hiyo hata kama moduli ile ingekuwa ya motere yetu, tungeivunja.

VII. NENO LA MWISHO

Baba Fundi aliniambia neno moja wakati tukifunga klaveti: "Kipande kikikataa, kinakuambia kitu. Usikipige, kisikilize." Yale matundu yaliyopishana milimita 5 yalikuwa yananiambia. Mimi nikayajibu kwa lima.

Nilisimama mbele ya interna jioni ile, nikasema wazi kwamba kosa lilikuwa langu. Katika likizo ya Pasaka nilifanya kazi ya kubeba matofali, na mpaka leo nimerudisha franka 30 000 katika sanduku. Zinabaki 15 000. Nitazimaliza kabla ya Mtihani wa Serikali, kusudi anayekuja kuwa kapita nyuma yangu akute sanduku bila deni na tondezi inayowaka. Kiwanja kimekatwa. Njia ya choo ni nyeupe. Wadogo wanapita usiku na taa yao, bila kukimbia.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini motere ndogo inaweza kutoa cheche bila batri?
2. Cheche inaonekana vizuri, lakini motere inarudisha kamba kwa nguvu. Utatazama nini kwanza?
3. Taja vitu vitatu vinavyoipa moduli saa yake.
4. Kodi ya motere inaanza na 810914. Ilitengenezwa lini? Unafikiri utakuta platini au Magnetron?
5. Rafiki yako anataka kufunga bobini ya GX390 katika GX160. Utamwambia nini?
6. Moduli mpya haitoi cheche. Kabla ya kuirudisha kwa muuzaji, utatenga waya gani?
7. Kwa moduli yenye nafasi ya milimita 0,25 mpaka 0,36, utatumia karatasi ngapi za fotokopi?

Anayetaka kuona kwa macho yake, aje katika depo siku ya posho, saa nane. Motere zote mbili ziko mezani, na moduli iliyopasuka iko pale pia, imetundikwa ukutani kwa msumari.

Kapita wa wanafunzi,
mwaka wa mwisho, Matematiki-Fizika